Kona ya Brashi: Dari la Papa, Mchango wa Askari na Picha Isiyofika kwa Mwenyewe

Toleo lililopita mhariri alichapa dari la Kanisa la Sistine, kanisa la Papa kule Vatikani, kwenye kurasa mbili za katikati, na tangu hapo barua haziishi. Watu waliozoea kuniuliza namna ya kuchanganya rangi ya bango, au kwa nini vanishi imepauka, sasa wanataka habari za Michelangelo, aliyelichora. Haya. Mimi nilichora mabango ya maduka na ubavu wa malori pale Tanga kabla sijaingia darasani kufundisha sanaa, kwa hiyo mnivumilie. Nikitazama picha, iwe ya nani, huwa nauliza kwanza nani aliiagiza, alitoa shilingi ngapi, na ilipakwa juu ya nini. Wasomi wana maswali yao mengine. Majibu ya leo yatanuka tapentaini.

*Shikamoo Mwalimu. Mimi ni fundi lipu. Mwaka jana nilipaka ukuta wa ukumbi, ilipopita masika moja tu rangi ikaanza kubanduka. Dari hili mnasema lina miaka mia tano! Walitumia rangi gani hao? Na ni kweli alichora akiwa amelala chali?* (Fundi lipu, Mwanza)

Marahaba, fundi. Swali lako nimelitanguliza kwa sababu ni la mtu wa kazi.

Siri iko kwenye lipu kuliko kwenye rangi. Wale walichora lipu ikiwa bado mbichi. Asubuhi msaidizi anapiga lipu laini ya chokaa kwenye kipande kidogo, kile tu ambacho mchoraji atakimaliza kabla ya jioni. Rangi zenyewe ni unga wa udongo na madini, uliokorogwa kwa maji matupu, bila gundi wala mafuta. Chokaa inapokauka inavuta kaboni dioksaidi kutoka hewani na kugeuka jiwe, na ule unga unafungiwa humo humo. Utabandua nini, wakati rangi imo ndani ya ukuta?

Ila hapo huna nafasi ya kusitasita. Ukikosea, unabomoa lipu kwa mwiko na kesho unaanza tena. Ukichelewa, vilevile. Maungio ya vipande vya siku moja moja yanaonekana mpaka leo kwa anayepanda juu karibu na dari, na wataalamu waliyasoma moja baada ya jingine. Adamu yule anayemnyooshea Mungu kidole alichukua siku nne. Siku nne, fundi! Kuna watu wanamaliza zaidi ya hizo kupaka geti.

Usidhani alianza vizuri. Michelangelo alijihesabu mchongaji mawe, na kazi hii aliing'ang'anizwa na Papa Julius wa Pili. Mei 1508 aliandika kwa mkono wake kwamba amepokea dukati 500, sarafu za dhahabu, za kuanzia. Januari iliyofuata akamwandikia baba yake kwamba hajapata senti nyingine kwa Papa, wala haombi, kwa sababu haoni kazi ikienda kiasi cha kustahili kudai. Tena uchoraji si fani yake. Kipande cha mwanzo kiliota ukungu. Akaenda kwa Papa kusema kazi imeharibika, bora aachwe. Papa akamtuma Giuliano da Sangallo, msanifu majengo, akapanda, akatazama, akasema lipu imezidi maji, akamwelekeza la kufanya. Sehemu hii ya hadithi naipenda kuliko zote.

Kulala chali ni maneno ya watu. Alisimama juu ya jukwaa lililoshikizwa kwenye kuta, halikuinuliwa kutoka sakafuni, hivyo chini ibada ziliweza kuendelea. Shingo nyuma, mkono juu. Alimwandikia rafiki yake shairi la kulalamika kwamba ameota tezi shingoni na brashi inamdondoshea rangi usoni. Pembeni ya shairi akajichora, na amejichora amesimama. Alimaliza Oktoba 1512.

Sasa linganisha na Leonardo da Vinci, mchoraji mwingine wa zama zile zile, kwenye ukuta wa chumba cha kulia cha watawa wa Santa Maria delle Grazie, Milan. Karamu ya Mwisho aliichora kati ya 1495 na 1498 hivi, kwa oda ya Ludovico Sforza, mtawala wa mji. Leonardo hakuweza kufanya kazi kwa kukimbizana na chokaa. Mtu aliyemwona akiwa kazini ameandika kwamba siku nyingine alichora tangu jua kuchomoza hadi kuzama bila kula, siku nyingine alisimama tu na kukunja mikono akitazama, na siku nyingine alikuja katikati ya jua kali, akagusa mara moja au mbili, akaondoka. Mtu wa namna hiyo lipu mbichi haimfai. Kwa hiyo alichora juu ya ukuta mkavu, kwa rangi za kubandika juu, apate kurekebisha akitaka. Unyevu ukaingia. Mwenyewe akiwa bado hai picha ilishaanza kuharibika! Mwaka 1652 watawa wakatoboa mlango katikati ya ukuta na kuikata miguu ya Yesu. Agosti 1943 bomu likaangusha sehemu kubwa ya chumba, ukuta wa picha ukaponea kwenye mifuko ya mchanga. Matengenezo ya mwisho yalianza 1978 yakaisha 1999, muda unaozidi ule wa kuichora mara nyingi. Leo wageni wanaingizwa wachache wachache, dakika 15, nje.

Kuhusu ukumbi wako: rangi ya kopo tunayotumia sisi inataka kinyume cha ile ya dari. Lipu iachwe wiki kadhaa ikauke hadi ndani. Nina hakika mwenye ukumbi alikuharakisha kwa sababu ya sherehe.

*Mwalimu shikamoo. Mimi niko kidato cha tatu. Tumeambiwa Mona Lisa ndiyo picha maarufu kuliko zote duniani. Nimeiangalia sana kwenye kitabu, naona mama amekaa tu. Umaarufu umetoka wapi?* (Mwanafunzi, Songea)

Marahaba mwanangu. Macho yako hayana tatizo. Ni mama amekaa, na picha yenyewe ni ndogo: sentimita 77 kwa 53, imechorwa kwenye ubao wa mti wa mpopla. Jina lake Lisa Gherardini, mke wa Francesco del Giocondo, mfanyabiashara wa hariri wa Florence. Leonardo alianza kuichora mwaka 1503 au karibu na hapo.

Mwenye oda hakuipata kamwe. Leonardo aliendelea kuigusa miaka na miaka, rangi nyembamba juu ya nyembamba, mpaka huoni brashi ilipita wapi. Tazama pembe za mdomo na za macho, hakuna mstari, kuna kivuli tu kinachoyeyuka. Alipohamia Ufaransa uzeeni alikwenda nayo. Alifia huko 1519, picha ikaishia mikononi mwa mfalme, na baada ya mapinduzi ya Ufaransa ikawekwa kwenye makumbusho ya Louvre, Paris. Mfanyabiashara wa watu alibaki na ukuta mtupu. Mimi ningefanya hivyo na bango la duka la mtu pale Barabara ya Kumi na Mbili, ningelala polisi.

Wachoraji waliijua na kuisifu kwa muda mrefu. Lakini mtu wa kawaida barabarani aliijua kwa sababu ya mwizi. Jumatatu ya tarehe 21 Agosti 1911, siku ambayo Louvre ilikuwa imefungwa kwa wageni, Mwitaliano Vincenzo Peruggia, aliyewahi kufanya kazi humo ya kuwekea picha vioo, aliiondoa ukutani na kutoka nayo. Walinzi hawakushtuka, kwa sababu picha zilikuwa zinachukuliwa mara kwa mara kwenda kupigwa picha. Ni siku ya pili mchoraji mmoja mgeni alipouliza imekwenda wapi ndipo kukawa na mshike-mshike. Magazeti ya dunia nzima yakachapa ile sura. Watu wakapanga foleni Louvre kutazama mahali ilipokuwa, yaani ukuta na misumari. Hata Picasso, kijana wakati huo, aliitwa kuhojiwa. Peruggia alikaa nayo Paris zaidi ya miaka miwili, kisha Desemba 1913 akaipeleka Florence kumuuzia mwenye duka la vitu vya sanaa, akakamatwa. Alisema alitaka kuirudisha nyumbani Italia. Mahakama ya Italia ikampa kifungo kifupi.

Kwenye mtihani usiandike habari za mwizi peke yake. Andika na ule mdomo.

*Mwalimu, mimi ni mchongaji hapa Mwenge. Nimeona sanamu ya Daudi ya Michelangelo. Mkono wa kulia mkubwa, kichwa kikubwa. Mteja angenirudishia. Alikosea vipimo?* (Mchongaji, Dar es Salaam)

Fundi mwenzangu, sikiliza habari za lile jiwe kwanza, maana wewe unajua uchungu wa kupewa gogo la mpingo lililokwishaguswa na mtu mwingine.

Jiwe lilitoka Carrara, refu mno na jembamba, na tangu miaka ya 1460 mchongaji mwingine alikuwa ameshalianza na kuliacha. Wa pili naye akaacha. Likabaki uani kwa mafundi wa kanisa kuu la Florence miaka na miaka, likipigwa na mvua. Wenye kanisa walikuwa wamelipia jiwe na hawana sanamu. Mwaka 1501 wakampa Michelangelo, kijana wa miaka 26, na mkataba. Kazi ikamchukua hadi 1504. Upana wa jiwe ulishaamuliwa na patasi za wengine, kwa hiyo ukimtazama Daudi kwa ubavu utashangaa alivyo mwembamba. Ule mkao wa kuegemea mguu mmoja na kiwiliwili kuwa bapa kidogo, sehemu yake ni jiwe lililoamua.

Vipimo: sanamu ina urefu wa zaidi ya mita tano, na oda ilikuwa ya kupandishwa juu ya kanisa, karibu na paa. Mtu aliye chini anaona vitu vya juu vikisinyaa. Wengi wanasema kichwa na mkono vilikuzwa kwa sababu hiyo, na mimi nawaamini, ingawa wapo wanaosema mkono ni wa makusudi, ndio uliomuua Goliathi. Ilipokaribia kwisha wakuu wa mji waliona ni nzuri mno kupelekwa juu ambako haitaonekana. Januari 1504 ikaundwa kamati ya kuamua ikae wapi, na ndani yake walikuwemo wachoraji Leonardo na Botticelli. Hebu fikiria: kazi yako inajadiliwa na washindani wako. Ikasimamishwa mbele ya jumba la serikali ya mji. Mwaka 1873 ikahamishiwa ndani, kwenye makumbusho ya Accademia, na ile ambayo watalii wanapiga nayo picha uwanjani ni nakala.

Kwa hiyo ulichokiona kwenye picha ya simu kimetazamwa kutoka mahali ambapo hakikukusudiwa kutazamwa. Mteja wako akikurudishia kinyago, muulize anakwenda kukiweka juu ya kabati au mezani.

*Mwalimu, salamu kutoka Nairobi. Mimi ni mhasibu, sijui sanaa, lakini nilisoma mahali kwamba wale askari kwenye picha ya Rembrandt walichangishana ili wachorwe. Ni kweli?* (Mhasibu, Nairobi)

Kweli kabisa, na wewe utaipenda hesabu yake. Picha ni ile iitwayo Lindo la Usiku, na askari wenyewe ni kikosi cha mgambo wa Amsterdam, Uholanzi, wafanyabiashara wenye fedha zao waliopenda kuvaa mikanda na manyoya. Walitaka picha kubwa ya ukumbi wao. Kila aliyetaka sura yake ionekane alitoa gilda (fedha ya Uholanzi ya zamani) kama 100, wengine zaidi, wengine pungufu, kulingana na mahali alipowekwa. Ni michango ya harusi ile ile: kadi ya mmoja na kadi ya wawili, na aliyetoa kikubwa anakaa meza ya mbele. Kapteni Frans Banninck Cocq na luteni wake wako mbele wamemulikwa. Baadhi ya waliolipa wamezibwa na mkono wa mwenzao, wameonekana jicho na kofia. Baadaye majina yakaandikwa kwenye ngao iliyochorwa ukutani, asije mtu akasahaulika.

Rembrandt aliimaliza 1642. Wachoraji wengine wa oda kama hizi waliwapanga watu mstari kama picha ya darasa, kila mmoja apate haki ya gilda zake. Yeye aliwachora wakianza kutoka, bunduki inashindiliwa, mbwa anabweka, na katikati yao msichana mdogo wa nguo ya dhahabu mwenye kuku amening'inia kiunoni. Niliiona nilipokwenda Amsterdam kumtembelea mwanangu. Nilisimama kwa yule kuku. Kucha zake ni alama ya kikosi chenyewe.

Jina linasema usiku, wakati ni mchana. Vanishi iliyopakwa miaka na miaka ilipiga weusi, jina likazaliwa, na waliposafisha karne iliyopita mwanga ukarudi lakini jina likagoma kutoka. Mwaka 1715 walipoihamishia jumba la mji, haikuenea kati ya milango miwili, wakaikata pande zote nne. Upande wa kushoto ukapoteza watu, mwili mzima, waliokuwa wamekaa mle tangu mwanzo. Tunajua walivyokuwa kwa sababu mchoraji mwingine alishatoa nakala ndogo. Mwaka 1656 Rembrandt mwenyewe alifilisika, vitu vyake vikauzwa kulipa madeni.

*Mwalimu, mwanangu wa darasa la tano ameona picha za Picasso akaniambia, mama hata mimi naweza. Nimjibu nini?* (Mama, Kisauni, Mombasa)

Mama, mwambie aanze leo, akifika miaka 15 tulinganishe. Picasso akiwa na umri huo, mwaka 1897, alichora picha ya mgonjwa kitandani, daktari ameshika mkono anapima mapigo, mtawa amebeba mtoto. Iko Barcelona. Kila kidole kiko mahali pake. Baba yake alikuwa mwalimu wa uchoraji, alimfunza kama mafundi wanavyofunzwa. Aliyoyavunja baadaye aliyavunja akiyajua.

Mwaka 1907 akachora wanawake watano, na wawili wa kulia nyuso zao ni kama vinyago. Alikuwa ametoka kuona vinyago vya Afrika kwenye makumbusho ya Trocadéro, Paris, vitu vilivyochukuliwa zaidi Afrika ya Magharibi na ya Kati wakati wa ukoloni. Hapa nina neno langu. Vitabu vinataja jina la Picasso, la duka alilonunua vinyago vyake, hata la rafiki aliyemwonyesha. Mchongaji wa kinyago hatajwi, kwa sababu aliyekichukua kwake hakuona haja ya kumuuliza jina.

Kuna picha yake moja, Guernica, ambayo ningependa mwanao aione, hata kwenye simu, ila umweleze ukubwa: karibu mita nane kwa mita tatu na nusu, nyeusi, nyeupe na kijivu. Serikali ya Hispania ilimwagiza mapema 1937 picha ya banda lake kwenye maonyesho ya Paris. Miezi ikapita hana wazo. Tarehe 26 Aprili ndege za Wajerumani, zikimsaidia Jenerali Franco aliyekuwa akipigana na serikali hiyo, zikaushambulia mji wa Guernica kwa mabomu siku ya gulio. Mwanzoni mwa Juni picha ilikuwa imekwisha. Serikali ilimpa faranga 150,000 za gharama. Baadaye alisema haiendi Hispania mpaka uhuru urudi, ikakaa New York, ikarudi 1981, yeye akiwa ameshakufa miaka minane. Farasi yule anayelia katikati, muulize mwanao kama anaweza.

*Kaka Mwalimu, naishi Philadelphia. Hapa kuna sanamu ya mtu anayewaza, ya Rodin. Dada yangu aliyekwenda Paris ananiambia ya kwetu ni feki, halisi iko kwao. Tumegombana.* (Msomaji, Philadelphia)

Msigombane, zote ni halisi. Rodin, mchongaji wa Kifaransa, hakuchonga jiwe pale. Alifinyanga udongo, kutoka kwenye udongo ikatolewa sura ya jasi, na kutoka kwenye jasi unatengeneza kalibu na kusubu shaba nyeusi humo. Kalibu ikiwepo, unasubu tena. Mtu Anayewaza wa ukubwa ule wamezidi ishirini duniani. Sheria ya Ufaransa siku hizi inaruhusu kumi na mbili tu kwa kila sanamu kuitwa asilia, lakini nyingi zilitoka kabla.

Na umwambie dada yako neno la kumnyamazisha. Yule mtu alifinyangwa kwanza akiwa mdogo, wa kukaa juu ya mlango mkubwa wenye mamia ya watu, Mlango wa Jehanamu, ulioagizwa na serikali mwaka 1880 kwa ajili ya makumbusho ambayo hayakujengwa kamwe. Rodin alihangaika nao hadi kufa, 1917, bila kuuona umesubiwa. Aliyelipia usubiwe shaba kwa mara ya kwanza ni mwenye majumba ya sinema wa Philadelphia. Uko hapo hapo kwenu, mlangoni mwa makumbusho ya Rodin. Nenda ukaushike, kama walinzi watakuruhusu.

*Mwalimu, nipo mwaka wa mwisho usanifu majengo. Mteja wangu wa kwanza anabadilisha mawazo kila wiki, na malipo yanasuasua. Wasanifu wakubwa waliwezaje kuishi na wateja?* (Mwanafunzi, Dar es Salaam)

Binti yangu (mwandiko wako umenifanya nikuite hivyo, nisamehe kama ni kijana), wengine hawakuweza. Jørn Utzon wa Denmark alishinda shindano la jumba la muziki la Sydney mwaka 1957 kwa michoro ambayo ilikuwa karibu na rasimu tu. Wanasiasa wakaogopa fedha zitakwisha na uchaguzi utakuja, wakalazimisha msingi uanze 1959, wakati hakuna mtu duniani aliyejua yale mapaa yatasimamaje. Yeye na wahandisi wa kampuni ya Ove Arup walihangaika miaka. Mwaka 1961 likapatikana jibu: mapaa yote yakatwe kutoka kwenye mpira mmoja, kama yana mviringo mmoja basi vipande vya zege vinaweza kutengenezwa kwa kalibu chache na kurudiwa. Ukiniuliza mimi, wazo hilo ni zuri kuliko jumba lenyewe.

Serikali mpya ikaingia 1965. Waziri akazuia malipo mpaka aone michoro yote. Februari 1966 Utzon akajiuzulu, akafungasha familia, akaondoka. Wengine wakamalizia ndani. Makadirio ya mwanzo yalikuwa dola milioni 7 za Australia. Lilipofunguliwa 1973 zilikuwa zimekwenda milioni 102. Yeye hakuwepo. Mwaka 2003 walimpa tuzo ya Pritzker, kubwa kuliko zote kwa wasanifu, na akafa 2008 bila kurudi kuona jumba lake kwa macho.

Antoni Gaudí alikuwa na bahati ya mteja. Kanisa lake la Sagrada Família, Barcelona, lilianza 1882, yeye akalichukua mwaka uliofuata, na linajengwa kwa sadaka na tiketi. Zikikosekana fedha, mafundi wanapunguzwa. Inasemekana alipoulizwa kwa nini anachelewa alijibu kwamba mteja wake hana haraka, akimaanisha Mungu. Aligongwa na tramu Juni 1926, mavazi yake yakawafanya watu wamdhanie ombaomba, akafa baada ya siku tatu. Wakati wa vita vya wenyewe kwa wenyewe vibanda vyake vilichomwa na mifano yake ya jasi ikavunjwa vipande, ambavyo warithi wa kazi walikaa kuviunganisha kipande kwa kipande wapate kujua alitaka nini.

Wako anabadilisha mawazo kila wiki. Muandikie kwenye mkataba kwamba mchoro wa tatu na kuendelea unalipiwa peke yake, na usimpe karatasi yenye vipimo kabla ya malipo ya awamu ya kwanza.

*Mwalimu, jibu fupi tu: ni kweli Eiffel hakuuchora Mnara wa Eiffel? Tumewekeana dau la soda.* (Vijana wa gereji, Kahama)

Aliyesema ni kweli anywe. Mchoro wa kwanza, 1884, ulikuwa wa wahandisi wawili wa kampuni yake, Maurice Koechlin na Émile Nouguier. Msanifu Stephen Sauvestre akauongezea yale matao ya chini ili upendeze. Eiffel mwanzoni hakuuchangamkia, kisha akanunua haki zao za ugunduzi, akatafuta sehemu kubwa ya fedha mwenyewe, na ulipofunguliwa 1889 akapewa haki ya kukusanya viingilio kwa miaka 20. Anayedai kuwa ni wa chuma cha pua naye analipa soda: ni chuma cha kawaida, vipande zaidi ya 18,000 na ribiti milioni mbili na nusu, na kisipopakwa rangi kila baada ya miaka kama saba kinaliwa na kutu.